Chokaa ya shimoni haikuzi tikiti

Juzi usiku kijana mmoja anayejaribu kukuza tikiti la mashindano ya uzito alinitumia picha mbili. Ya kwanza ni ya mtambao wa wiki tano: majani machanga yamegeuka manjano, mishipa tu ndiyo imebaki kijani. Ya pili ni udongo alioufukua pembeni ya shina, umejaa mabonge meupe ya chokaa kama unga uliolowa ukakauka. Chini akaandika: "Kaka, nimefuata maelekezo yote. Nimekosea wapi?"

Maelekezo yenyewe nayafahamu, yanazunguka kwenye simu za wakulima kila msimu unapokaribia. Siku ya kupanda chimba shimo, tia viganja viwili vya chokaa, changanya, panda mbegu. Hakuna neno hata moja la kupima udongo. Naandika nikiwa bado na hasira, kwa sababu kosa hilo nimelifanya mimi mwenyewe na limenila misimu miwili.

Msimu wa kwanza sikuweka chokaa kabisa. Nilikuwa na mbegu nzuri ya Carolina Cross, aina ya matikiti makubwa, samadi ya kutosha na maji ya uhakika. Majani ya chini yakaanza kutoa vidoa vidogo vya kahawia. Nikadhani ni ukungu, nikapiga dawa mara tatu. Vidoa vikaongezeka. Nilipong'oa mche mmoja nikaona mizizi mifupi, minene, ncha zake zimekuwa kahawia kama zilizounguzwa, na ile mizizi myembamba kama nyuzi haipo kabisa. Hapo ndipo nilipopeleka udongo maabara. Jibu likarudi: pH, yaani kipimo cha uchachu wa udongo, ni 4.9.

Tikiti hupenda 6.0 hadi 6.8. Mtu akiiangalia 4.9 anaona tofauti ndogo, lakini hesabu ya pH haiendi hivyo: kila namba moja ukishuka, tindikali inaongezeka mara kumi. Kutoka 6.5 hadi 4.9 ni karibu mara 40. Udongo ukiwa mchachu kiasi hicho, alumini iliyokuwa imetulia ardhini huyeyuka na kuua ncha za mizizi. Manganizi nayo huyeyuka kupita kiasi, na vile vidoa nilivyovipiga dawa ya ukungu vilikuwa sumu yake. Fosfora niliyoinunua kwa gharama ikashikwa na alumini na chuma, mche usiione. Nilikuwa namimina mbolea kwenye udongo ulioifungia.

Nilipojua hayo nikakimbilia chokaa, inayopunguza tindikali, kwa pupa, msimu wa pili, kwa njia ileile ya shimoni. Mche ukaota, ukadumaa, ukapata unjano uleule wa kijana wangu. Safari hii nilipima sehemu mbili: ndani ya shimo na hatua moja pembeni. Ndani nikapata 7.8, pembeni 5.0. Nilikuwa nimetengeneza chungu cha chokaa katikati ya shamba la tindikali. Ndani ya chungu madini ya chuma hayapatikani, ndiyo maana majani machanga yanapauka. Nje ya chungu kuna alumini. Mwisho wa msimu nilifukua shina taratibu kwa mikono, nikakuta mizizi imejazana ndani ya shimo, na ikifika ukingoni inanenepa na kukoma, kana kwamba imegonga ukuta.

Hili ndilo ninalotaka lieleweke hata kama mengine yote yatasahaulika. Mizizi ya tikiti haikai shimoni. Inatambaa pembeni mita kadhaa, karibu sawa na mtambao unavyotambaa juu. Mwaka 2013 Chris Kent wa Tennessee, Marekani, alipima tikiti la kilo 159. Tunda la namna hiyo likiwa kwenye kasi yake huongeza kilo mbili, tatu kwa siku. Maji, potasiamu, kalisi na magnesi ya kujenga uzito huo haviwezi kutoka kwenye shimo la upana wa beseni. Kinachotakiwa kurekebishwa ni eneo lote ambalo mizizi itapita, mita nne kwa nne kwa uchache, na kwa kina cha sentimita 15 hadi 20.

Tena chokaa haitembei. Urea ukiimwaga na mvua ikanyesha, inashuka. Chokaa ukiiacha juu ya ardhi inashuka sentimita chache tu kwa mwaka. Lazima iwe imesagwa laini, isambazwe sawasawa, ilimwe ndani, kisha ipate unyevu na muda. Muda wenyewe ni miezi, mitatu hadi sita mara nyingi, na chembe kubwa huchukua zaidi ya mwaka. Anayeweka chokaa siku ya kupanda anaandaa shamba la msimu ujao, na kwa mche wa msimu huu anaweka kikwazo. Ningetamani sentensi hiyo iandikwe kwenye kila gunia.

Swali linalofuata huwa ni "niweke kilo ngapi?" Hapa watu wananikasirikia, kwa sababu sitoi namba. Mashamba mawili yanaweza yote kusoma 5.2, moja la kichanga na jingine la mfinyanzi, na la mfinyanzi likahitaji chokaa mara mbili hata mara tatu ya lile la kichanga. Kijiti cha kupimia pH kinasoma tindikali iliyo kwenye maji ya udongo tu. Iliyobaki, ambayo ni nyingi zaidi, imeshikiliwa na chembe za mfinyanzi na mboji, na kila ukiipunguza ile ya kwenye maji, hii inatoka kujaza nafasi. Maabara wana kipimo chao cha kujua akiba hiyo, na ndicho kinachotoa kiasi cha chokaa. Mtu anayekupa kilo bila kuona udongo wako anakisia, na kisio lake likikosea, ni msimu wako unaopotea.

Kupitisha chokaa kiasi ni balaa kuliko kupunguza. Udongo mchachu unaurekebisha kwa chokaa ya awamu ya pili. Ukishapanda hadi 7.8 unabaki na salfa, ambayo lazima bakteria waigeuze kuwa asidi kwanza, nao wanahitaji joto, unyevu na miezi. Na kama chokaa iliyosalia bado imo ardhini, inaimeza hiyo asidi inapotengenezwa. Siki haisaidii, nguvu yake inaisha kabla ya wiki kupita.

Nakubali jambo moja, ingawa linanichoma. Tikiti linavumilia tindikali kuliko mazao mengi, na wapo wanaovuna matunda mazuri kwenye 5.5. Ni kweli. Kwa tunda la kilo nane la kula nyumbani huenda usione tofauti yoyote. Lakini tunda kubwa linadai mzizi uliotimia, na mzizi uliounguzwa wiki ya tatu haulipi deni hilo wiki ya kumi.

Majivu ya kuni nayo ni chokaa ya aina yake, yanapandisha pH haraka, kwa hiyo mwenye kumwaga majivu juu ya chokaa ajue anajumlisha.

Kuhusu kitako cha tunda kuoza: kila kinapooza, mtu anashauri chokaa. Kalisi inaweza kuwa tele ardhini na kitako kikaoza bado, kwa sababu kalisi husafiri na maji, na mche uliokaukiwa siku mbili kisha ukafurikishwa hauifikishi kwenye tunda. Pima kwanza. Kama pH iko sawa, rekebisha umwagiliaji.

Halafu kuna mbolea tunazoweka wenyewe. Salfeti ya amonia inachachusha udongo kuliko urea, na urea nayo inachachusha. Shamba lililokuwa 6.5 miaka minne iliyopita, likalishwa salfeti ya amonia kila msimu, haliko 6.5 leo. Ndiyo maana napima kila mwaka, mwezi uleule, kwa njia ileile. Maabara nyingine hupima kwa maji, nyingine kwa myeyusho wa kloridi ya kalisi ambao husoma chini kwa karibu nusu namba. Ukihama maabara bila kuuliza, utadhani udongo umechacha kumbe ni njia iliyobadilika.

Nilimjibu kijana usiku uleule. Nilimwambia aache kuongeza chochote kwenye lile shimo. Kwa sasa anyunyizie majani madini ya chuma kidogo kidogo ili mche upumue, na asitegemee rekodi mwaka huu. Kisha achukue udongo sehemu 12 za eneo lote, kina cha sentimita 20, aruke mashimo yenye chokaa, auchanganye kwenye ndoo ya plastiki na si ya bati, aukaushe kivulini, aupeleke. Eneo la mwakani alichague sasa hivi, kabla tunda la mwaka huu halijavunwa, maana miezi ya chokaa kufanya kazi inaanza kuhesabika siku inapolimwa ndani.

Jana asubuhi akanitumia picha ya tatu: ndoo nyekundu, udongo umetandazwa juu ya gazeti, na karatasi yenye namba 1 hadi 12 pembeni. Aliuliza kama mawe madogo ayatoe. Ayatoe, pamoja na mizizi, na mabonge ayavunje kwa mkono.