Silinda ya Webley Isikerezwe

Mjomba wangu ana maganda mawili ya risasi kwenye kopo la maziwa. Aliyaokota akipalilia mikorosho yake karibu na Mahiwa, Lindi. Yote yameota kutu ya kijani. Moja lina ukingo uliotokeza pale kitakoni. Ukipitisha ukucha, unanasa. La pili halina ukingo, lina mfereji tu, na ukucha unatumbukia humo. La kwanza ni la bunduki ya Mwingereza, la pili ni la Mauser ya Mjerumani. Pale Mahiwa walipigana siku nne katika Vita vya Kwanza vya Dunia, tarehe 15 hadi 18 Oktoba 1917, na waliokufa wengi walikuwa Waafrika wenzetu, wa pande zote mbili.

Nimeyakumbuka maganda hayo kwa sababu ya mteja aliyekuja karakana kwangu, Mtwara mjini. Mimi ni fundi wa kukereza vyuma: shafti, bushi, vipuri vya mashine za kubangulia korosho. Alinionyesha kwenye simu picha ya bastola ya Webley iliyoachwa na marehemu babu yake. Ni rivolva ya Kiingereza, yaani bastola yenye silinda inayozunguka na kubeba risasi. Risasi zake, za .455 (ndiyo saizi ya kipenyo kwa inchi), hazipatikani. "Fundi, si unaipunguza tu silinda kwa nyuma, iingie klipu, tutumie risasi za .45? Wamarekani wamefanya sana."

Ni kweli, wamefanya sana. Lakini waliofanya hivyo waliziharibu bastola nzuri, na ninataka nieleze kwa nini nilikataa.

Risasi ya rivolva huwa na ule ukingo. Ndio unaoizuia isidumbukie ndani ya silinda, na ndio unaoshikwa ganda linapotolewa. Mwaka uleule wa 1917 Marekani iliingia vitani bila bastola za kutosha. Jeshi lake lilitumia risasi ya .45 isiyo na ukingo, ya bastola za magazini. Colt na Smith & Wesson wakaunda rivolva za M1917 za kutumia risasi hiyohiyo, wakisaidiwa na kibati chembamba cha chuma kinachobana risasi tatu kwenye mifereji yake. Vibati viwili vikijaza silinda. Kwa umbo lake kikaitwa klipu ya nusu mwezi, na baadaye ikaja ya mduara mzima inayobeba sita. Kama mtu wa vyuma naipenda sana kazi hiyo. Kibati kisichozidi unene wa washa kinaipa risasi ukingo ambao haikuzaliwa nao, na maganda yote yanatoka kwa mkupuo mmoja.

Ila M1917 ziliundwa zikiisubiri risasi hiyo. Webley haikuisubiri. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia ziliuzwa kwa wingi Marekani, ambako .455 ilikuwa adimu na .45 imejaa madukani, basi mafundi wakazichonga silinda kwa nyuma. Klipu ikaingia, risasi ikalipuka, kila mtu akaona mambo yamekwenda sawa. Kumbe shinikizo la .45 ya kijeshi ni kubwa kuliko lile ambalo bastola ile iliundwa kulihimili. Na Webley inakunjuka katikati kama bawaba, imefungwa kwa komeo juu. Chuma cha miaka mia ukikibebesha mzigo usio wake, hakikupi taarifa siku kitakapopasuka, na kinapasuka mkononi mwako, karibu na macho.

Halafu hakuna kurudi nyuma. Ukishakereza, hata risasi yake ya asili inacheza mle ndani. Umeikosa ya zamani, na mpya haikufai.

Najua hoja ya mteja: silaha bila risasi ni gongo tu. Hata askari wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani katika vita ile ya Mahiwa, walilijua hilo. Walipovuka mto Ruvuma kuingia Msumbiji mwezi uliofuata baada ya Mahiwa, wakiwa wameishiwa risasi, walivamia ngome ya Wareno pale Ngomano, tarehe 25 Novemba, wakachukua bunduki pamoja na risasi zake. Kila bunduki ikaenda na chakula chake.

Nilimwambia, "Kaka, hata kama ningekuwa na uhakika wa chuma, sina leseni ya kugusa silaha." Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 si ya kuchezea, na karakana yangu inalisha watu sita. Nikamuuliza kama polisi wanajua kwamba babu alifariki na bastola ipo nyumbani. Akanyamaza. Nikamshauri aende kituoni kwanza, yeye na mzee mmoja wa ukoo, bastola waiache ilipo mpaka waelekezwe.

Aliponiuliza kama ningeweza walau kumkerezea kile kibati peke yake, nilizima mashine, nikamwekea kiti, nikaanza kumsimulia habari za lile kopo la mjomba.