Bahari ikipita chini ya tuta

Siku moja ya bamvua nilisimama kwenye bonde la mpunga linalopakana na hori, magharibi ya Pemba, maji yakiwa yamejaa. Nilikuwa upande wa ndani wa tuta linalozuia bahari, kwenye mpunga. Tulichimba shimo la urefu wa mkono, tukasubiri. Maji yalianza kuchuruzika ubavuni mwa shimo, upande wa baharini. Niliyaonja: chumvi tupu. Tuta lilikuwa zima, halikupasuka wala kufurikwa. Kina mama wanaolima bonde hilo hawakushangaa hata kidogo. Wao huziona ncha za majani zikikauka kama zimepitishwa motoni, na kiangazi huiona ardhi ikitoa weupe kama imenyunyiziwa unga.

Naanza na shimo hilo kwa sababu mjadala wetu kuhusu maji ya chumvi umekuwa wa mambo ya juu tu. Tuta liinuliwe kiasi gani, liwe la mawe au la udongo, mikoko ipandwe wapi. Akitokea mtu akataja ukuta wa chini ya ardhi, hukatizwa mapema: huko ni kuzika fedha, na mwananchi hataona kitu. Naamini wazo hili linahukumiwa kabla halijasikilizwa, ingawa wanaolipinga wana hoja ambazo nitazifikia na sitazipunguza uzito.

Ukuta wenyewe si wa matofali. Huchimbwa mtaro mwembamba, upana wa sentimita 60 hadi 90, na kadiri unavyochimbwa hujazwa uji wa maji na bentonaiti, aina ya udongo unaovimba ukilowa. Uji huo huzisukuma kuta za mtaro zisiporomoke, hata kwenye mchanga uliolowa ambao kwa kawaida huwezi kuuchimba ukasimama. Ukifika chini, udongo uliotolewa unachanganywa na bentonaiti na kurudishwa mtaroni, nao unausukuma uji utoke. Kinachobaki ni ukanda wa tope zito lililoshikamana. Kwenye mchanga wa kawaida maji yanaweza kutembea mita kadhaa kwa siku. Kwenye ukanda uliotengenezwa vizuri, kwa msukumo uleule, ni kama sentimita 3 kwa mwaka.

Kuna hesabu moja ambayo naomba tukae nayo. Chota debe la lita 20 la maji ya kisima, na jingine la maji ya bahari. La kwanza lina kilo 20, la pili kilo 20 na nusu. Nusu kilo hiyo ndiyo inayotuweka hai visiwani, kwa sababu inayafanya maji matamu ya mvua yaelee juu ya maji ya bahari ndani ya ardhi badala ya kupotea. Mholanzi Badon Ghijben na Mjerumani Herzberg, kila mmoja kivyake, zaidi ya miaka 100 iliyopita, walifikia jibu lilelile: kwa kila mita 1 ya maji matamu iliyosimama juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo.

Isome kwa kushuka kwanza. Ukivuta kwa pampu mpaka maji yashuke nusu mita, chumvi nayo inatafuta kupanda mita 20 kutoka chini. Haipandi siku hiyohiyo. Inaweza kuchukua miaka, ndiyo maana aliyechimba kisima karibu na pwani akanywa maji matamu misimu kadhaa husingizia ukame ladha inapobadilika. Halafu isome kwa kupanda. Ukiyazuia maji ya masika yasikimbilie baharini, yakasimama sentimita 30 zaidi nyuma ya ukuta, msukumo wake kwa hesabu hiyohiyo ni sawa na mita 12 za kinga. Hata kama bonde lenyewe halina kina hicho, maana yake ni kwamba chumvi haina nguvu ya kuingia. Hapa ndipo ukuta huu haueleweki. Watu wanaufikiria kama boma la kuikataa bahari, kumbe nusu ya kazi yake ni kuyaweka maji yetu wenyewe.

Wajapani walilifanya hilo katika kisiwa cha Miyako, kisiwa cha mawe ya matumbawe. Mabwawa ya chini ya ardhi ya Sunagawa na Fukuzato yalijengwa huko miaka ya 1980 na 1990, na juu yake wakulima wanaendelea kulima miwa. Wao walichanganya saruji na ardhi papo hapo, hawakutumia tope la bentonaiti, lakini wazo ni moja. Na walifanikiwa kwa sababu chini ya matumbawe yao kuna mwamba wa tope usiopitisha maji. Ukuta una mahali pa kukita mguu.

Mguu ndio kila kitu. Ukuta usiofika kwenye tabaka lisilopitisha maji ni kama pazia lisilogusa sakafu. Kwa hiyo anayependekeza ukuta huu Paje, Jambiani au Nungwi kule Unguja, kwenye maweni yenye mapango na mianya, siko naye. Huko dawa ni kupunguza pampu, na hakuna mtaro utakaoifuta kazi hiyo. Lakini mabonde ya Pemba ni ardhi nyingine. Mkulima yeyote anakijua kinamo, udongo ule unaonata jembeni na kushikilia maji ya mpunga. Kikikutwa kimetandaa bila kukatika chini ya mchanga wa bonde, sakafu tunayo.

Sasa hoja za upande wa pili. Ya kwanza ni haki ya walio nje ya ukuta. Maji matamu yanayopenya kuelekea baharini hayapotei bure: mikoko inayategemea, na visima vya walio karibu na ufuo vivyo hivyo. Ukiyafungia bondeni, kisima cha jirani upande wa pili kinaweza kuharibika ili konde lako lipone. Hili si dogo, na mchoro wowote usioonyesha nani anabaki nje ya mstari haufai kupitishwa. Ya pili ni ya kifundi: bentonaiti haiipendi chumvi. Kwenye maji ya bahari haivimbi inavyopaswa, na ukuta unaweza kupitisha maji mara nyingi zaidi ya ulivyokusudiwa. Kuna njia, kama kukoroga uji kwa maji matamu, kuongeza udongo mfinyanzi, au kutumia atapulgaiti, udongo mwingine usiotegemea kuvimba, lakini zote zinaongeza gharama, na mzigo unatoka ng'ambo. Tuta hujengwa kwa majembe na nguvu za wanakijiji. Mtaro wa uji hauwezekani hivyo.

Tena chumvi iliyokwisha kuingia haitoki kwa sababu mlango umefungwa. Lazima mvua iisukume na mifereji iitoe, na ukuta usio na njia ya kutolea maji utaifungia ndani.

Pamoja na hayo yote, kuinua tuta kwa nusu mita nyingine hakugusi maji yaliyojaa kwenye lile shimo. Linalowezekana sasa ni jambo la bei ndogo: kutoboa mashimo machache ya kupimia, kutoka tuta hadi katikati ya bonde, na kupima kimo na chumvi ya maji wakati wa bamvua na wakati wa maji mafu, masika na kiangazi, mwaka mzima, pamoja na visima vilivyo nje ya tuta. Hapo tutajua kinamo kiko mita ngapi. Kikiwa kwenye mita 5 au 6, kijiko cha kawaida, ile mashine ya kuchimbia, kinafika. Kikiwa mita 20, mimi mwenyewe nitasema bonde hilo liachwe.