Swali moja tu kabla ya dripu

Barua imekuja tena. Kila mwaka benki ya mbegu huku ughaibuni hunitumia fomu ileile: bado unataka tukuhifadhie mbegu zako za kiume, ndiyo au hapana? Na chini yake, bila haya: ukifa, ziteketezwe au aachiwe mwenzi wako? Nikasonya. Watu hawa wanakuuliza kifo chako kama anayekuuliza saizi ya kiatu.

Halafu nikamkumbuka binamu yangu nyumbani, hasira ikayeyuka.

Yeye aliugua saratani ya mitoki, mimi ya korodani. Wote tulipona. Ila mimi, kabla ya dripu ya kwanza ya dawa za saratani, ambazo zinaweza kumwacha mtu tasa, nesi aliniuliza: "Ungependa kupata watoto baadaye?" Nilicheka, maana nilikuwa nawaza jeneza. Wakanipima damu, UKIMWI na homa ya ini, wakaniambia nikae siku mbili bila tendo, kisha wakanifungia kwenye chumba chenye kiti cha plastiki, sinki na kikopo chenye jina langu. Nilikodolea saa ya ukutani dakika arobaini. Na msidhani huku ni peponi: mpokezi alitangaza nilichojia mbele ya foleni nzima.

Binamu yangu hakuulizwa kitu. Alijua miaka mitatu baadaye, akiwa ameshaoa, kwa karatasi ya maabara: mbegu, sifuri. Aliporudi kwa daktari akaambiwa ashukuru yu hai. Hospitali zetu mnazijua, sina haja ya kuendelea.

Nawasikia mshaanza. "Huyu kaondoka juzi tu, leo anatudharau." "Dawa yenyewe ya saratani hatupati, wewe unatuletea habari za majokofu!" Jamani, mimi sijadai kila wilaya ijengewe benki ya mbegu. Nadai swali. Swali halihitaji umeme. Mgonjwa akishaulizwa, atajua mwenyewe pa kuhangaikia, na kama hana uwezo, angalau atamwambia mchumba wake mapema.

Na tusidanganyane kwamba ni utaalamu wa juzi. Mimba za kwanza kutokana na mbegu zilizogandishwa zilitangazwa 1953. Mbegu za ng'ombe dume zinahifadhiwa kwenye mitungi ya naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, na mabwana mifugo wanazunguka nazo. Kwa hiyo fahali anawekewa akiba, binamu yangu anaambiwa ashukuru! Tena tangu 1992 mbegu moja tu inaweza kudungwa ndani ya yai, kwa hiyo hata sampuli hafifu ya mgonjwa si ya kudharauliwa.

Kuna atakayesema Mungu ndiye mpaji, na si kila dawa ya saratani inamwacha mtu tasa. Kweli. Inategemea dawa na kipimo, na wengine mbegu hurudi baada ya mwaka au miaka kadhaa. Zangu zilirudi. Zile za akiba sijazigusa hata mara moja, ndiyo maana barua hii inaniudhi.

Nilipokwenda nyumbani mara ya mwisho, binamu aliniuliza tukiwa wawili tu: "Hivi wewe walikwambia?" Nikamjibu hapana. Akiisoma hii atajua nilimdanganya.

Nimeweka alama kwenye ndiyo. La chini bado sijalijaza.