Sukari za juu ya konea: kinga ya kweli au sifa za kupewa?

Kwa miaka mingi utando wa machozi ulielezwa kuwa matabaka matatu: mafuta juu, maji katikati, ute chini. Mwaka 1971 Holly na Lemp walitoa hoja kwamba seli za juu ya konea, yaani kioo cha mbele ya jicho, kwa asili hazishiki maji, na kwamba machozi hutandaa juu yake kwa sababu tu zimepakwa ute. Katika maelezo hayo konea ilikuwa kama sakafu tu, kila cha maana kilitoka kwingine. Hoja hiyo haikudumu. Seli za tabaka la juu kabisa la konea hujitengenezea glaikoprotini zake, yaani protini zilizobebeshwa minyororo ya sukari, na hizo ndizo zinazoufanya uso wa jicho ushike maji. Kinachobishaniwa sasa ni kama tabaka hilo la sukari ndilo hasa linaloizuia rangi, sumu na vijidudu visiingie, au limepewa sifa kuliko ushahidi uliopo.

Wahusika wakuu ni musini tatu, yaani glaikoprotini za aina ya ute, zilizojikita kwenye utando wa seli: MUC1, MUC4 na MUC16. Hii ya mwisho ni jitu lenye asidi amino zipatazo 22,000. Sehemu yake kubwa imejaa serini na threonini, na ndani ya seli, kwenye Golgi (sehemu ya seli inayokamilisha protini), asidi amino hizo hupachikwa sukari moja moja: kwanza N-asetilgalaktosamini, kisha galaktosi, na mara nyingi asidi ya sialiki mwishoni. Asidi ya sialiki ina chaji hasi, kwa hiyo minyororo husukumana, protini hunyooka kama brashi ya kusugulia chupa, na maji hunasa katikati ya nyuzi. (MUC16 ndiyo ile ile CA125 ambayo madaktari huipima kwenye damu kufuatilia saratani ya ovari. Wanaoishughulikia saratani na wanaoshughulikia macho walikuwa wakiitazama molekuli moja bila kujua.)

Wanaoiita kinga wana ushahidi mzuri, na ulianzia kwenye rangi iitwayo rose bengal, ambayo madaktari huitumia kuona palipodhurika juu ya jicho. Zamani iliaminika kwamba inazishika seli zilizokufa tu. Mwaka 1992 Feenstra na Tseng walionyesha kwamba huingia hata kwenye seli hai, mradi hazina kifuniko cha ute. Baadaye maabara ya Gipson na Argüeso, kule Boston, ikazima jeni ya MUC16 katika seli za konea ya binadamu zilizooteshwa maabara: rangi ikapenya zaidi, na bakteria Staphylococcus aureus wakajishikiza kwa wingi zaidi.

Jaribio linalonivutia zaidi ni la mwaka 2009. Kati ya musini hizi kuna protini ndogo, galektini-3, ambayo hukamata galaktosi za mnyororo huu na ule na kuzifunga pamoja kama wavu. Watafiti waliziwekea seli laktosi, sukari ambayo nayo ina galaktosi. Galektini ikaishika laktosi, ikaiachia musini, na rangi ikaingia. Hakuna seli iliyouawa na hakuna jeni iliyoguswa. Kilicholegea ni mshiko kati ya sukari na galektini, basi. Kama kinga ingetokana na wingi wa musini peke yake, laktosi isingeleta tofauti yoyote.

Upande wa pili hauwezi kupuuzwa. Panya waliozaliwa bila jeni ya Muc16 waliishi na kuzaa bila kasoro ya wazi. Kwa panya wasio na Muc1, maabara moja iliona uvimbe wa konjunktiva (utando unaofunika weupe wa jicho) na kope, nyingine ikakosa kuona lolote. Hata katika seli za binadamu, kuizima MUC1 hakukudhoofisha kinga jinsi ilivyotokea kwa MUC16. Jibu la kawaida ni kwamba musini moja ikikosekana nyingine huziba pengo, na kwamba panya wa maabara haishi kwenye vumbi. Linaingia akilini, lakini ni jibu la kukwepa: ukilikubali kila mara, hakuna matokeo yatakayoweza kuipinga hoja yako. Anayelitumia angepaswa kuonyesha ni musini ipi iliyoongezeka, na kwa kiasi gani.

Kuna na pingamizi jingine, nzito zaidi. Sukari zile zile ni mahali pa kushikia kwa vijidudu. Adenovirusi aina ya 37, inayosababisha milipuko ya macho mekundu yanayoathiri hadi konea, huanza kwa kushika asidi ya sialiki. Acanthamoeba, tishio kwa wavaaji wa lenzi za macho, hushika glaikoprotini zenye manosi, sukari nyingine. Kwa hiyo kusema "sukari hulinda" bila kutaja sukari ipi, na imekaa wapi kwenye mnyororo, ni kusema nusu ya habari.

Hata hivyo, bakteria mmoja ananifanya niegemee upande wa kinga. Baadhi ya aina za Streptococcus pneumoniae zilizosababisha milipuko ya ugonjwa wa macho hutoa kimeng'enya, ZmpC, kinachoikata MUC16 na kuing'oa juu ya seli. Kijidudu hakiwezi kunufaika kwa kuondoa kizuizi ambacho hakipo.

Shida huja pale maarifa haya yanapohamishiwa kliniki. Wengi hupima musini iliyomo kwenye machozi, wakidhani nyingi ni afya na chache ni ugonjwa. Lakini kwa wagonjwa wa Sjögren, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia tezi za machozi na mate na macho hukauka vibaya, MUC16 iliyoyeyuka ndani ya machozi imewahi kukutwa juu kuliko ya watu wengine. Si ajabu: uvimbe unapozidi, seli nyeupe za damu hutoa kimeng'enya kiitwacho elastasi, na elastasi huifanya MUC16 ing'oke. Kilichojaa kwenye machozi huenda ndicho kilichopotea juu ya konea. Kipimo hicho kikisomwa peke yake humpoteza daktari.

Dawa nazo zina utata wake. Diquafosol, iliyoidhinishwa Japani mwaka 2010 lakini si Marekani, hutajwa mara kwa mara kama dawa ya musini. Ni kweli huamsha seli za konjunktiva kutoa ute, lakini pia huvuta maji kuja kwenye uso wa jicho. Mgonjwa akipata nafuu, maji yamechangia kiasi gani na sukari kiasi gani? Majaribio yanayohesabu alama za ukavu peke yake hayatajibu hilo. Yanayoweza kujibu ni yale yatakayochukua seli zenyewe kutoka juu ya jicho, kabla na baada ya dawa, na kukagua kama minyororo imekamilika hadi asidi ya sialiki na kama galektini-3 bado imeishika.