Tarehe ya uchaguzi isiwe siri ya mtu mmoja

Jioni ya Jumatano, tarehe 22 Mei 2024, nilikuwa ninamalizia zamu yangu katika makao ya wazee ninakofanya kazi hapa Leicester, Uingereza, wakati televisheni ya sebuleni ilipomwonyesha Waziri Mkuu Rishi Sunak amesimama mbele ya mlango wa ofisi yake mjini London, bila mwavuli, mvua ikimlowesha koti, akitangaza kwamba uchaguzi mkuu ungefanyika tarehe 4 Julai. Wazee niliokuwa nao hawakuonyesha mshangao mkubwa. Bibi mmoja aliniuliza tu kama karatasi yake ya kura ingeletwa kwa posta kama mara iliyopita, nami nikamwahidi kwamba ningelifuatilia. Aliyeshangaa ni mimi, kwa sababu nimezaliwa na kulelewa Mombasa, ambako uchaguzi huanza kuzungumzwa mara tu ule uliotangulia unapokwisha, na bado sijazoea kuona jambo zito kama hilo likitangazwa kwa hotuba ya dakika chache na kumalizika katika wiki sita.

Tangu nihamie nchi hii mwaka 2014 nimeshuhudia chaguzi kuu nne. Ule wa 2015 ulikuja kwa tarehe iliyowekwa na sheria, wa 2017 na wa 2019 ulikuja kabla ya wakati, na huu wa 2024 ungeweza kungoja hadi Januari 2025 lau mwenye uamuzi angependa. Ndugu na marafiki wa nyumbani huniuliza, hasa tangu vijana walipoingia barabarani Juni 2024, kwa nini Kenya nayo isiwe na njia ya kuitisha uchaguzi wa mapema pale wananchi wanapochoka na viongozi wao. Ninaielewa hamu hiyo, na kuna siku niliishiriki. Lakini baada ya kuishi ndani ya mfumo huu kwa zaidi ya miaka kumi ninaamini kwamba nguvu ya uchaguzi wa ghafla humwendea anayeishika kalenda, na kwamba tukiuagiza nyumbani tutakuwa tumerudisha kwa mikono yetu kitu tulichokipokonya watawala kwa jasho.

Waingereza wenyewe walijaribu kuifunga kalenda hiyo. Mwaka 2011 Bunge lao lilipitisha sheria iliyoweka muhula wa miaka mitano, ikaagiza kwamba uchaguzi wa mapema ungehitaji theluthi mbili ya wabunge wote, au serikali ipigiwe kura ya kutokuwa na imani nayo. Sheria hiyo haikudumu. Tarehe 18 Aprili 2017 Waziri Mkuu Theresa May, ambaye kura za maoni zilimweka mbele kwa mbali, alitangaza uchaguzi wa tarehe 8 Juni, na upinzani, kwa kutotaka kuonekana unawaogopa wapiga kura, ukamkubalia. Mwaka 2019 Boris Johnson, aliyemrithi May, aliposhindwa kuzipata theluthi mbili, ilitungwa sheria fupi iliyohitaji wingi wa kawaida tu, na kura ikapigwa tarehe 12 Desemba. Mwaka 2022 sheria ile ya 2011 ikafutwa kabisa, na uwezo wa kuomba Bunge livunjwe wakati wowote ukarudi kwa waziri mkuu. Ni kweli kwamba wapiga kura walimwadhibu May, akapoteza wingi wake bungeni na kulazimika kutegemea wabunge 10 wa chama kimoja cha Ireland Kaskazini. Hilo halinifariji. Mtu akicheza kamari na kalenda ya taifa akashindwa, aliyechezewa bado ni taifa.

Na neno kamari silitumii kwa kupamba. Mwaka 2024 watu kadhaa waliokuwa karibu na Conservative, chama kilichokuwa kikitawala, wakiwemo wagombea, walichunguzwa kwa kushukiwa kuweka dau juu ya tarehe ya uchaguzi kabla haijatangazwa. Hatia ni ya mahakama kuamua. Hata hivyo, uchunguzi wenyewe ulinionyesha jambo ambalo sikuwahi kulifikiria nilipokuwa nyumbani: tarehe inapokuwa siri ya watu wachache, inaweza kugeuka bidhaa. Watu wa Scotland walilalamika kwamba siku iliyochaguliwa iliangukia wakati shule zao zimekwisha kufungwa na familia nyingi zimesafiri, na katika sehemu mbalimbali karatasi za kura za posta zilichelewa kwa sababu matayarisho yote yalibanwa katika siku chache. Karatasi ya yule bibi ilifika Ijumaa, tarehe 5 Julai. Alikuwa amepiga kura katika kila uchaguzi mkuu tangu ujana wake.

Sisi Wakenya tulikwisha kuonja maisha ya namna hiyo, ingawa walio chini ya miaka thelathini hawawezi kukumbuka. Chini ya katiba ya zamani rais alikuwa na uwezo wa kulivunja Bunge alipotaka. Daniel arap Moi aliutumia mwaka 1983, alipoitisha uchaguzi mwaka mmoja kabla ya wakati wake, baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982, na vyama vingi viliporudi mwaka 1992 aliiita tarehe ya uchaguzi silaha yake ya siri. Baba yangu alikuwa akiyarudia maneno hayo kwa uchungu. Agosti 1997 nilikuwa na miaka kumi na mmoja, nasi tukikaa Likoni, mtaa wa Mombasa, wakati kituo cha polisi kiliposhambuliwa na majirani zetu waliotoka bara wakaanza kufukuzwa. Kila mtu alijua kwamba uchaguzi ulikuwa njiani, lakini siku yake haikuwa imetajwa, kwa hiyo familia zilizokuwa zikipakia magodoro kuelekea kivuko hazikuwa na namna ya kujua zingejificha kwa muda gani kabla ya mambo kutulia. Kura ikaja kupigwa tarehe 29 Desemba. Wengi waliojiandikisha Likoni hawakuwa tena Likoni. Sidai kwamba tarehe peke yake ndiyo iliyoleta balaa lile, maana lilikuwa na mizizi mingi, ila ninajua jinsi hofu inavyokua mahali ambapo mtu mmoja tu ndiye anayejua siku.

Ndiyo maana Katiba ya 2010 iliposema kwamba uchaguzi mkuu utafanyika Jumanne ya pili ya mwezi Agosti kila mwaka wa tano, mimi niliyasoma maneno hayo kama watu wengine wanavyosoma hati ya shamba. Mama yangu, ambaye hakupita darasa la saba, anajua kwamba uchaguzi ujao ni tarehe 10 Agosti 2027, na hakuna kiongozi aliyehitaji kumwambia. Hata mwaka 2022, karatasi za kura za ugavana zilipochanganywa, hata kaunti za Mombasa na Kakamega zikalazimika kungoja hadi tarehe 29 Agosti kumchagua gavana, hasira ya watu wa mtaa wetu ilikuwa na msingi: siku iliyoandikwa ilikuwa yao, na kuna aliyewapotezea.

Sasa nirudi kwenye ile Juni ya 2024, kwa kuwa hapo ndipo hoja ya wanaonipinga ilipo na nguvu, na ndipo nami nilipoyumba. Tarehe 25 Juni nilikuwa jikoni kwangu, juu ya meza kuna vipeperushi vya wagombea wa hapa wakiahidi kupunguza foleni za hospitali, na katika simu nikiona vijana wa Nairobi wakiingia katika majengo ya Bunge kwa sababu ya mswada wa fedha uliopendekeza kodi mpya. Polisi walifyatua risasi, watu wakafa. Kesho yake Rais William Ruto alisema kwamba hatautia saini mswada huo, na tarehe 11 Julai akalivunja baraza la mawaziri. Katika wiki hizo hizo, huku niliko, serikali iliyochokwa ilikuwa inang'olewa kwa penseli na karatasi. Nilizilinganisha nchi mbili ninazozipenda na nikaona wivu uliochanganyika na aibu. Niliwaza kwamba kama Kenya ingekuwa na mlango wa uchaguzi wa mapema, huenda wale vijana wangekuwa hai.

Lakini mlango huo ungefunguliwa na nani? Huku ufunguo unao waziri mkuu, na kiongozi anayefyatuliwa maneno na umati wenye hasira haharakishi kuutumia, bali hungoja upepo ugeuke. Isitoshe, uchaguzi wa ghafla unahitaji chombo kilicho tayari kila siku, chenye daftari lililosasishwa na wasimamizi waliofunzwa. Sisi wakati huo hatukuwa hata na makamishna. Tangu Januari 2023, muhula wa mwenyekiti na wenzake waliobaki ulipomalizika, Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka ilikaa bila uongozi hadi wapya walipoapishwa Julai 2025. Wakazi wa Banissa, katika Kaunti ya Mandera, walifiwa na mbunge wao Machi 2023, wakakaa bila mwakilishi kwa zaidi ya miaka miwili na nusu hadi uchaguzi mdogo ulipofanywa tarehe 27 Novemba 2025. Nikiwasimulia Waingereza kisa cha Banissa hudhani kwamba nimekosea hesabu. Mimi ningeomba kila anayedai uchaguzi wa mapema Kenya aanze kwa kuwaeleza watu wa Banissa jinsi taifa lililoshindwa kuandaa kura ya eneo bunge moja lingeandaa ya nchi nzima katika wiki sita.

Kitu ambacho ningekichukua kutoka huku bila kusita ni sheria yao ya mwaka 2015 ya kumwondoa mbunge. Mbunge akifungwa jela kwa kosa, au Bunge likimsimamisha kwa siku za kutosha kwa utovu wa maadili, wapiga kura wa eneo lake hupewa wiki sita za kutia saini, na asilimia 10 yao wakitia, kiti kinakuwa wazi. Wakazi wa Peterborough ndio waliokuwa wa kwanza kufanikiwa, mwaka 2019. Katiba yetu, katika kifungu cha 104, inatupa haki ya namna hiyo, tena pana zaidi, lakini vipengele vya sheria ya uchaguzi vilivyotakiwa kuitekeleza viliwekewa masharti magumu kiasi kwamba Mahakama Kuu ilivibatilisha mwaka 2017, na hakuna mbunge hata mmoja aliyewahi kuondolewa kwa njia hiyo. Hapa ndipo hasira ya Juni 2024 ilipostahili kuwa na mlango: ufunguo wake ungekuwa kwa mpiga kura, kila eneo bunge na mbunge wake, bila kuigusa tarehe ya taifa.

Jambo la pili ambalo ninalitamani ni ufupi wa kampeni. Hapa magari ya vipaza sauti hayakupita mtaani kwangu hata siku moja, na matumizi ya wagombea yana kikomo kinachofuatiliwa, ilhali kwetu sheria ya kudhibiti fedha za kampeni ya mwaka 2013 haijawahi kutumika ipasavyo. Tarehe isiyobadilika haitulazimishi kufanya kampeni miaka mitano mfululizo. Hayo tumejifanyia wenyewe.

Nilipiga kura tarehe 4 Julai, kwa kuwa Uingereza huwaruhusu raia wa nchi za Jumuiya ya Madola wenye kibali cha kuishi hapa. Foleni ilikuwa ya watu sita. Aliyekuwa mbele yangu ni mzee wa Kihindi ambaye, aliposikia ninazungumza na dada yangu kwa simu, aligeuka na kuniuliza kwa Kiswahili safi, "Binti, wewe ni wa pwani?" Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniambia kwamba aliondoka Mombasa mwaka 1968 na hajawahi kupiga kura Kenya hata mara moja maishani mwake. Mimi nimepiga, mwaka 2022, kwa kusafiri hadi London, na niliruhusiwa kumchagua rais peke yake.

Kesho yake Leicester iliamka na matokeo ya ajabu. Chama cha Labour, kilichoshinda viti 411 kati ya 650 nchini, kilipoteza viti viwili katika mji huu huu, kimoja kwa mgombea huru na kingine kwa Conservative, na hicho cha pili kilikuwa kiti pekee ambacho Conservative walikinyakua nchi nzima. Walioshindwa walikubali mbele ya kamera, na kabla ya alasiri waziri mkuu mpya alikuwa ofisini. Nilikwenda kazini kwa basi lile lile. Viti 411 vilipatikana kwa takriban theluthi moja ya kura, jambo ambalo kwetu lisingekubalika, kwani rais wa Kenya sharti apate zaidi ya nusu ya kura zote na angalau robo ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti 47. Katika hili ninaiona sheria yetu kuwa ya haki zaidi, na nilimweleza hivyo muuguzi mwenzangu, Mwingereza, ambaye hakunibishia.

Nimekwisha kumwandikia dada yangu swali la kumuuliza kila atakayekuja Likoni kutaka kiti cha ubunge mwaka 2027: je, ataleta bungeni, katika mwaka wake wa kwanza, mswada utakaotuwezesha kumwondoa yeye mwenyewe? Dada ameahidi kuniandikia majibu, pamoja na majina ya watakaokataa kujibu.