Nondo mmoja au wageni wengi?

Maua ya mti wa Joshua, katika Jangwa la Mojave huko Marekani, hayachavushwi na nyuki wala upepo. Kazi hiyo ni ya nondo wa jenasi Tegeticula. Jike huzoa chavua kwa vikono vilivyo kinywani, akaifinyanga kuwa donge na kulibeba chini ya kichwa. Akifika ua jingine hutaga mayai ndani ya ovari, sehemu ya ua inayotunga mbegu, kisha hupanda hadi kwenye stigma, ncha inayopokea chavua, na kuishindilia chavua hapo kwa makusudi. Viwavi wake watakula sehemu ya mbegu, na pasipo chavua hakuna mbegu.

Wengi huuona mpango huu kuwa kamari: nondo akitoweka, uzao wa mbegu umekwisha. Humsifu saguaro, kaktasi mkubwa wa Jangwa la Sonora. Ua lake hufunguka usiku na kufunga alasiri inayofuata, na katika saa hizo chache huwapokea popo, njiwa wenye mabawa meupe, hata nyuki wa asali walioletwa na Wazungu. Popo wakichelewa kutoka Mexico, njiwa yupo.

Hoja hiyo ina uzito, ila inasahau gharama. Saguaro huwalipa wageni wake kwa nekta, majimaji matamu ya ua, na nekta ni maji, jangwani! Tena nyuki aliyetoka kwenye dungusi huja na chavua isiyofaa kitu. Nondo wa mti wa Joshua huleta ileile inayotakiwa na kuiweka mahali pake, naye hulipwa kwa mbegu chache. Baadhi ya yuka, jamaa za mti huu, hata huangusha maua yaliyojazwa mayai kupita kiasi, kwa hiyo nondo mdanganyifu anayezidisha mayai hapati kitu.

Kwangu mimi, nondo mmoja anatosha maadamu hali ya hewa imetulia. Joto likipanda, mti na nondo hulazimika kuhama pamoja, na mmoja akibaki nyuma mwenzake hana mbadala. Hapo saguaro ananufaika na milango yake mingi.

Shida ni kwamba hasara hiyo haionekani upesi. Mti wa Joshua huweza kuishi zaidi ya miaka 100, na huchipua pia kutoka chini ya ardhi bila mbegu. Msitu unaweza kuonekana mzima huku nondo ameshaondoka. Anayetaka kujua atazame matawini kama kuna matunda.