Mbunge na mswada wa intaneti: kura gani imwondoe kitini?

Tarehe 15 Oktoba 2025, siku ambayo Wakenya walipata habari za kifo cha Raila Odinga, Rais William Ruto alitia saini marekebisho ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018. Nchi ilikuwa msibani, na wengi waliisikia saini hiyo siku mbili tatu baadaye. Hapo ndipo hasira zikapanda, pamoja na mwito unaorudi Nairobi kila mswada wa aina hii unapozuka: walioupitisha warudishwe nyumbani. Kuna wanaosema tuwasubiri Agosti 2027. Kuna wanaotaka waondolewe sasa hivi, muhula usiishe.

Madai haya mawili yanazungumzwa kama jambo moja, na sivyo. Kumnyima mbunge kura ni haki ya mpiga kura, wala hadaiwi maelezo na yeyote. Kumng'oa katikati ya muhula ni utaratibu wa sheria wenye masharti, tarehe na hesabu. La kwanza naliunga mkono bila kusita, ila lina ugumu wake. La pili, kwa kosa la kupiga kura tu, nalipinga, ingawa najua wanaolidai wana machungu ya kweli.

Tuanze na marekebisho yenyewe. Yalianza kama mswada wa mwaka 2024 wa mbunge wa Wajir Mashariki, Aden Daudi Mohamed. Yaliipa kamati ya kitaifa inayoratibu masuala ya uhalifu wa mtandaoni mamlaka ya kuagiza tovuti au programu ifungwe ikithibitika kwamba inaendeleza mambo haramu, ponografia ya watoto, ugaidi au itikadi kali za kidini. Wanaokaa kwenye kamati hiyo ni wakuu wa usalama na wa idara za serikali. Hakimu hayumo. Kifungu cha 27 kuhusu unyanyasaji mtandaoni, ambacho tangu 2018 kina adhabu ya hadi shilingi milioni 20 au miaka 10 jela, kilipanuliwa kigusie maneno yanayoweza kumfanya mtu ajiue. Lakini mswada huohuo uliweka pia kosa la kuteka laini ya simu ya mtu, wizi ambao umewamalizia wengi akiba zao za M-Pesa. Tarehe 22 Oktoba Mahakama Kuu ilisimamisha sehemu za kifungu cha 27 wakati kesi ikiendelea.

Kwa hiyo mbunge aliyesema "ndio" aliliunga mkono lipi? La laini ya simu au la kufunga tovuti? Miswada huja ikiwa imefungwa pamoja, na kura ya kusomwa mara ya tatu haitenganishi mbivu na mbichi. Mahali pa kutenganisha ni Kamati ya Bunge Zima, ambako kila kifungu husomwa peke yake na mbunge anaweza kuleta marekebisho. Anayetaka kujua msimamo wa mbunge wake asome Hansadi, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge, ya siku hiyo. Je, alisimama? Alileta marekebisho ya kifungu kinachoumiza, au alinyamaza?

Wanaotaka wabunge walipe wana hoja nzito. Ibara ya 117 ya Katiba inalinda uhuru wa kusema bungeni. Hakuna wa kumpeleka mbunge mahakamani kwa kura yake, hata kama kura hiyo imewapeleka watu rumande. Basi kama mahakama haimgusi, nani amguse kama si mpiga kura? Na madhara ya sheria hizi hayasubiri uchaguzi. Mwishoni mwa Mei 2025 msanidi programu mmoja alikamatwa Nairobi kwa kutengeneza ukurasa uliowarahisishia wananchi kutuma barua pepe za kupinga Mswada wa Fedha. Alishtakiwa kwa sheria hii ya 2018, na mahakama ikamwachilia mwezi Juni kwa kuwa mashtaka hayakusimama. Huyo alikuwa anawasaidia watu kufanya kile ambacho Ibara ya 118 inalitaka Bunge lenyewe liwezeshe! Siku chache baada ya kukamatwa kwake, Albert Ojwang alitolewa Homa Bay kwa sababu ya maandishi ya mtandaoni kuhusu afisa mkuu wa polisi, akafia mikononi mwa polisi katika kituo cha Central, Nairobi. Ukiyaweka haya mbele ya mzazi, kumwambia "subiri miaka miwili upige kura" ni kumwongezea jeraha.

Wapo wanaojibu kwamba mahakama zipo. Ni kweli, na zimefanya kazi. Aprili 2016 Mahakama Kuu ilifuta kifungu cha 29 cha Sheria ya Habari na Mawasiliano, kilichotumika kuwakamata wanablogu. Mei 2018 ilisimamisha vifungu 26 vya sheria mpya ya uhalifu wa mtandaoni wiki mbili baada ya kutiwa saini. Lakini Februari 2020 jaji mwingine aliirudisha sheria yote. Kuanzia hapo polisi walikuwa huru kuitumia huku rufaa zikingoja. Mahakama hutibu, ila mgonjwa anaweza kukaa foleni miaka.

Sasa upande wa pili. Ibara ya 95 haimfanyi mbunge kuwa tarishi wa kufikisha hasira. Inampa kazi ya kuwakilisha na pia ya kutafakari. Kuna sheria za intaneti ambazo hazitapendwa na ambazo zinahitajika, kwa mfano kulazimisha kampuni zitoe ushahidi wa picha za watoto, au kumwadhibu anayesambaza picha za faragha za mpenzi wa zamani. Waathirika wa mambo hayo ni wachache na mara nyingi hawasemi hadharani, na wenye sauti kubwa kwenye mtandao wa X huenda wasiwatetee. Mbunge anayejua kwamba kila kura isiyopendwa itamgharimu kiti hatazigusa kabisa.

Hoja inayonishawishi zaidi ni nyingine. Silaha ya kumng'oa mbunge kwa kura yake haitabaki mikononi mwa wananchi waliokasirika. Mfikirie mbunge wa chama tawala anayesimama katika ngome ya chama chake na kukataa mswada wa serikali. Nani ana magari, pesa na vijana wa kukusanya saini jimboni humo kwa mwezi mmoja? Si wanaharakati wa Nairobi. Ni chama kilekile alichokikaidi. Leo viranja, yaani wasimamizi wa nidhamu ya chama bungeni, wanaweza kumwondoa kwenye kamati za Bunge. Wakipewa na njia ya kumwondoa kitini, wachache wanaothubutu kusema "la" watanyamaza.

Ibara ya 104 ya Katiba inawapa wapiga kura haki ya kumwondoa mbunge kabla ya muhula kwisha, na inaliagiza Bunge litunge sheria ya kueleza sababu na utaratibu. Sheria ya Uchaguzi ya 2011 iliweka hivi. Kwanza, sababu ziwe kukiuka Sura ya Sita ya uadilifu, kutumia vibaya rasilimali za umma, au kupatikana na hatia ya makosa ya uchaguzi. Kura bungeni haikuwamo. Pili, uwe tayari na hukumu ya Mahakama Kuu. Tatu, ombi lipelekwe miezi 24 ikishapita tangu uchaguzi na kabla ya miezi 12 ya mwisho. Sheria ya mwaka 2018 ilitiwa saini miezi tisa tu baada ya uchaguzi wa Agosti 2017, kwa hiyo hata kama kura ingekuwa sababu, aliyekasirika angengoja zaidi ya mwaka mmoja kabla ya kuanza.

Kisha saini. Zilitakiwa za asilimia 30 ya wapiga kura waliosajiliwa, na katika zaidi ya nusu ya wadi kila wadi itoe angalau asilimia 15. Muda: siku 30. Chukua jimbo la wapiga kura 100,000. Hizo ni saini 30,000, yaani 1,000 kila siku, Jumapili ikiwemo. Kila jina liwe na anwani, namba ya kadi ya mpiga kura na ya kitambulisho. Aliyekosea namba anafutwa, aliyesaini mara mbili anafutwa, aliyejiandikisha kwingine anafutwa. Mwenye busara angelenga 40,000 ili abakiwe na 30,000. Hapa ndipo Nairobi ingekwama vibaya kuliko mahali pengine. Kijana anaishi Roysambu au Pipeline, hasira zake ziko hapa, lakini kura yake iko Kakamega, Kitui au Siaya. Saini yake dhidi ya mbunge wa Nairobi haina thamani. Na mwenye mswada huenda ni mbunge wa jimbo ambalo wengi wa wanaolalamika mtandaoni hawajawahi kufika, sembuse kujiandikisha.

Mwaka 2017 Mahakama Kuu, katika kesi ya Taasisi ya Katiba, ilivibatilisha vifungu muhimu vya utaratibu huo, likiwemo sharti la hukumu, kwa kuwa viliikwaza haki badala ya kuiwezesha. Bunge halikuziba pengo, na mwaka 2025 Tume ya Uchaguzi ilieleza kwamba haina sheria ya kushughulikia ombi la kumwondoa mbunge, ingawa ya wawakilishi wa wadi ipo. Tangu Katiba ipite 2010 hakuna mbunge hata mmoja aliyeondolewa kwa njia hii. Wabunge ndio wanaotakiwa kuitunga sheria inayoweza kuwaondoa, na hilo ni kosa la wazi kuliko mswada wowote wa intaneti. Sheria hiyo itungwe, iwe nyepesi kuliko ya 2011, ihusu wizi na ukosefu wa uadilifu. Kura isiwemo.

Inabaki kura ya Agosti, na hapo napo historia haifurahishi. Mwaka 2019 mbunge wa Malava, Malulu Injendi, alileta mswada uliotaka wanablogu wapewe leseni na wasimamizi wa vikundi vya WhatsApp wasajiliwe. Alipingwa na kutukanwa nchi nzima. Mwaka 2022 watu wa Malava walimrudisha bungeni. Marekani hali ni hiyohiyo: Januari 2012 Wikipedia ya Kiingereza ilijifunga siku nzima kupinga mswada wa kuzuia uharamia mtandaoni, mswada ukafa, lakini mbunge aliyeuleta, Lamar Smith wa Texas, alichaguliwa tena Novemba mwaka huohuo na kubaki bungeni hadi alipostaafu. Watumiaji wa mtandao wa Reddit nao walimwandama mbunge mwingine, Paul Ryan, ambaye hakuwa miongoni mwa wadhamini wa mswada huo. Akatangaza kuupinga, na kiti hakupoteza. Mpiga kura wa Malava hupima basari, madarasa na barabara. Simlaumu, maana hivyo anaviona kila siku.

Paul Ryan ananirudisha kwenye tatizo ambalo hapa kwetu linatibika: kumjua aliyefanya nini. Kanuni za Bunge la Kitaifa zinaruhusu mswada kupita kwa kura ya sauti. Spika anauliza, wanaoafiki wanaitika "ndio", wanaopinga "la", naye anaamua upande gani umeshinda. Hakuna jina linaloandikwa. Ili kura ihesabiwe kwa majina, wabunge 30 lazima wasimame kuidai. Bila wao, orodha za "waliounga mkono" zinazosambaa mtandaoni ni za kubahatisha, na asiyehusika anaweza kuvamiwa. Mswada wa Fedha wa 2024 ulikuwa tofauti. Tarehe 25 Juni majina yalihesabiwa: 195 waliuafiki, 106 waliupinga. Ndiyo maana kila jimbo lilijua lizungumze na nani. Lakini Bunge lina wabunge 349 ukimwacha Spika, na zaidi ya 40 hawamo upande wowote. Kutokuwepo siku kama hiyo nako ni uamuzi, na nadhani wasiokuwepo waliponea chupuchupu bila kustahili. Baadhi ya waliouafiki walivamiwa nyumba na biashara zao, jambo ambalo silitetei hata kidogo.

Kama ni kupima nani apoteze kura yako, mpangilio wangu ni huu. Mwenye mswada anabeba mzigo mkubwa kuliko wote. Anayefuata ni mjumbe wa kamati iliyopokea maoni ya wananchi na kuandika ripoti, kwa sababu yeye hawezi kusema hakuusoma. Mbunge wa kawaida aliyeitika "ndio" anakuja nyuma yao, na hukumu yake itegemee alichokifanya vifungu vilipokuwa vinapitiwa.

Na kabla ya kufika huko kuna dirisha dogo ambalo watu hulikosa. Mswada ukishasomwa mara ya kwanza, karani wa Bunge hutangaza magazetini na kwenye tovuti ya Bunge tarehe ya mwisho ya maoni, kwa kawaida saa kumi na moja jioni, na muda wenyewe huwa siku chache tu. Maoni yanayofanya kazi hutaja namba ya kifungu, maneno ya kuondolewa, maneno ya kuwekwa badala yake, na sababu, kila kimoja kwenye safu yake. Barua ya kulaani mswada mzima huishia kuhesabiwa tu. Siku hizohizo ndizo za kumpigia simu mbunge wako na kumwomba jambo moja: awe miongoni mwa wale 30.

Nikumbushe pia kwamba mambo mengine hayafiki kwenye kura. Intaneti ilipovurugika tarehe 25 Juni 2024, na Telegram ilipokwama wakati wa mitihani ya kumaliza sekondari, KCSE, Novemba 2023 na tena Novemba 2024, hakukuwa na mswada wa kumhukumia mbunge. Kanuni za mawaziri nazo hazisubiri "ndio" ya mtu. Chini ya Sheria ya Vyombo vya Kisheria (Statutory Instruments Act) ya 2013, zikichapishwa hufikishwa Bungeni ndani ya siku saba za vikao, na Bunge lina uwezo wa kuzibatilisha. Mbunge asiyezifungua hata mara moja hataonekana kwenye orodha yoyote ya waliosema "ndio".